Jina la Pili Chini ya Habari

Ndugu zangu mnaosoma, na ninyi mnaosomewa kwa sababu macho yamechoka kama yangu, naomba mnivumilie. Mimi si mtu wa vitabu. Kusoma nilijifunza nikiwa na wajukuu tayari, katika darasa la watu wazima. Nitawaeleza nilichokiona nyumbani kwangu na nilichokifanya. Cha pili ndicho kizito kukisema.

Nyumba yetu ilikuwa tembe refu, upande wa Ikungi, karibu na njia iendayo mnadani. Asubuhi za Jumamosi zilikuwa za amani. Selina, mke wa mwanangu mkubwa Alute, alikuwa akikamua ng'ombe huku akiimba pambio la kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilipepeta mtama, na kuku walinizunguka miguuni wakigombania chenga. Mjukuu wangu Ritha aliketi kizingitini na chupa yake ya wino, akinakili. Usingejua kama kuna mtu pale. Hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

Ritha alikuwa mtoto wa mwanangu mdogo, Filipo, aliyefariki mtoto angali mchanga. Mama yake aliolewa tena huko Itigi, naye Ritha akabaki kwa baba yake mkubwa. Nitasema haki: Alute alimlea vizuri. Alipougua surua, Alute alimbeba mgongoni maili sita hadi zahanati, akarudi naye mgongoni. Mtu akifanya ubaya, watu husahau haraka mambo kama hayo. Mimi sisahau.

Lakini Ritha alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Mwalimu akimtaja jina darasani, machozi yalimtoka kabla ya jibu. Wenzake walimwita Bubu. Aliongea na mimi tu, maana bibi na mjukuu ni watani, nami nilimwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu," nilimwambia, "mume wetu amekufa zamani, wewe unamwonea aibu nani?" Alicheka akajifunika uso kwa kanga.

Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wao Paskali alianzisha gazeti la ukutani. Ilikuwa miaka ile ya tisini mwanzoni, biashara zimefunguliwa, magazeti mapya yanakuja na basi kutoka mjini, na kila mtu anataka kusema. Mwalimu alisema na shule iwe na lake. Liliandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya manila, likabandikwa kila Ijumaa kwenye ubao wa barazani kwa gundi ya uji wa muhogo. Watu wa mnadani walipita kulisoma. Mwalimu Paskali alikuwa na sheria moja, na hakuilegeza kwa mtu: chini ya kila habari yawepo majina mawili, la aliyeona na la aliyethibitisha. Habari ya jina moja alisema ni umbea, akaichana.

Ritha alichukuliwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri tu. Wengine walileta maneno, yeye akayanakili. Kisha mwalimu akampa sehemu yake mwenyewe, habari za mashamba na mifugo, na hapo mateso yakaanza, kwa kuwa ilimbidi aende nyumba kwa nyumba kuuliza. Alifika kwenye ua wa watu akasimama bila kubisha hodi, mpaka mbwa wambwekee.

Aliyemsaidia alikuwa mzee Mughwai, jirani yetu, mgane aliyeishi peke yake. Siku ya kwanza alimkuta Ritha amesimama mlangoni kwake. Hakumuuliza anataka nini. Alimtolea kigoda, akaketi naye, akaanza kujieleza mwenyewe: mbuzi wangapi, uwele umekauka wapi, nyuki wamehamia mzinga gani. Alipomaliza akamwambia, "Leo nimejibu kabla hujauliza. Wiki ijayo uliza wewe kwanza, nami nitajifanya sijui." Wiki iliyofuata Ritha aliuliza. Swali moja. Alirudi nyumbani anatetemeka kana kwamba amevuka mto uliofurika. Baada ya hapo jina la mzee Mughwai likawa mara nyingi ndilo jina la pili chini ya habari zake.

Mwaka ule mvua zilikata mapema. Mtama ulikaukia mashambani ukiwa magotini. Ilipofika mwezi wa kumi na moja, watu walikuwa wakichemsha mlenda mtupu. Mwanangu Alute alikuwa na duka na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na tangu biashara zifunguliwe alikuwa akienda mbali kutafuta nafaka. Safari hiyo alirudi na lori. Magunia yalishushwa nyuma ya zizi, si dukani. Tulipoyafungua tulikuta mtama wenye rangi ya waridi, kama uliopakwa hina.

Selina akauliza rangi ile ni ya nini. Alute akasema ni mbegu zilizobaki bila wa kuzipanda, na rangi ni ya kuwatisha ndege tu, maji yanaitoa. Akatuagiza tuuoshe, tuuanike, kisha tuuchanganye na mtama mwekundu wa kawaida. Selina na Ritha waliosha siku mbili. Mimi nilikaa kwenye turubai nikigeuzageuza ulioanikwa. Maji mekundu yalitiririka hadi kwenye jalala, na kuku wakayanywa.

Sasa sikilizeni jambo hili. Jioni ile Selina alichota bakuli la mtama ule apike ugali. Alute akalichukua mkononi mwake taratibu, akalimwaga guniani. "Sisi tuna wetu kihengeni," alisema. Selina akatazama chini. Mimi nikatazama pembeni. Mtu mzima huelewa, ndugu zangu. Nilielewa, nikanyamaza, nikala.

Kesho yake kuku wakaanza kufa. Walilegea shingo, wakazunguka, wakaanguka. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu kila mwaka kabla ya mvua mdondo hupita na kufagia mabanda, na mtu akiona kuku amelala miguu juu hutaja mdondo hata kabla hajamgeuza. Nilitaja mimi, akataja Selina. Mzee Mughwai alipita, akaona mizoga jalalani, naye akataja. Ritha akaandika: "Mdondo umeingia kijijini, wenye kuku wachukue hadhari." Majina mawili, lake na la Mughwai.

Ijumaa ile watu walijazana barazani. Wenye kuku walikimbia kuwachinja na kuwauza kabla hawajafa, na wengine wakawafungia ndani. Kwa mara ya kwanza watoto hawakumwita Bubu, walimwita Mwandishi. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia, yeye aliyezoea kutembea kandokando ya miiba. Nilifurahi. Sikujua kwamba habari ile ndiyo ilikuwa inafunika macho ya kijiji kizima.

Alute alianza kuuza. Watu walimshukuru, maana wengine hawakuwa na kitu cha kuuza kabisa. Baadhi walitapika, wakasema tumbo limesahau chakula. Mzee Mughwai alichukua vibaba vichache, akala peke yake, asubuhi na jioni, kitu hicho hicho bila mboga.

Jumatatu alianza kutetemeka mikono. Jumanne hakuweza kushika kikombe. Ritha alikwenda kumwona baada ya shule, nami nikamfuata na maziwa. Tulimkuta amelala kwenye ngozi, mate yanamtoka. Lakini alimtambua.

"Mwandishi," alisema, "kuku wangu hawajafa."

Ritha akamwambia ni vizuri, maana aliwafungia.

"Niliwafungia baada ya kusoma. Kabla ya hapo walitembea na wa kila mtu. Mdondo hauchagui." Akapumzika kidogo. "Waliokufa ni wa kwenu tu. Tuliandika haraka, mama. Kaulize tena."

Ritha akauliza, kwa sauti niliyoisikia vizuri, amekula nini siku zile. Mzee akamwonyesha kwa kidole mfuko wa mtama kutoka dukani kwa Alute.

Alifariki Jumatano. Hakupimwa na daktari, na siwezi kuapa kilichomuua. Nasema nilichoona.

Alhamisi tulipotoka mazikoni, Ritha alipita nyuma ya zizi. Alute alikuwa amechoma magunia yale yote, lakini Selina, mwanamke asiyetupa kitu, alibakiza moja akalikunja liwe la kufutia miguu mlangoni. Ritha akaligeuza. Ndani palikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Akalikunja tena, akaja kuketi karibu nami nikichambua mlenda.

"Bibi, shikamoo," alisema, ingawa asubuhi alikwisha kunisalimia. Hapo nikajua kuna jambo.

Alinieleza yote kwa utaratibu, kama mtu anayenakili. Kisha akasema lile lililokuwa likimchoma zaidi: Alute alikuwa ameahidi shule magunia mawili ya mtama ule, na uji wa wanafunzi ungeanza Jumatatu. Wanafunzi zaidi ya mia mbili, na wa darasa la kwanza ni wadogo kama vifaranga.

"Nataka kuandika," alisema. "Mimi niliosha. Nitaweka jina langu. Nakosa la pili."

"Kamwombe Selina."

"Mama mkubwa amelia, akasema ana watoto watatu wa kulea. Wewe ulikuwepo, bibi."

Ndugu zangu, nilimwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka ninashika kifua. Nilimwambia mambo ya ndani hayaanikwi uani. Nilimwuliza nani alimbeba mgongoni alipougua surua. Nikamwambia Alute ndiye mwana pekee niliyebakiwa naye.

Hakunijibu vibaya. Aliinuka, akanikusanyia majani yaliyodondoka, akaenda zake. Hakuniita mke mwenzake siku ile.

Nilizungumza na Alute mwenyewe. Nilimkuta dukani, nikamwambia kwa Kinyaturu, ili wateja vijana waone ni maneno ya mama na mwana, kwamba mtama ule asiupeleke shule. Akaniambia umeoshwa, umechanganywa, na mtu mwenye njaa hafi kwa kula, hufa kwa kukosa. Akasema nikianza kusikiliza ndoto za watoto nitaiangusha nyumba. Alinipa sukari robo kilo. Niliipokea.

Ijumaa Ritha alimpelekea Mwalimu Paskali karatasi yake. Mwalimu aliisoma mara mbili, na jasho likamtoka, maana mwenyekiti wa kamati ndiye aliyemwezeshea paa la nyumba yake. Hakuichana. Alimrudishia, akamwambia, "Sheria unaijua. Lete jina la pili." Ritha aliniambia baadaye kwamba hakujua kama mwalimu alikuwa anamfukuza au anamwomba.

Jumatatu ikafika. Mimi nilialikwa kama mama wa mfadhili, nikawekewa kiti barazani karibu na Alute. Masufuria matatu makubwa yalichemka juu ya mafiga. Harufu ya uji kwa watu wenye njaa, hakuna aliyekuwepo atakayeisahau. Watoto walipanga mstari, kila mmoja na kikombe chake: bati, plastiki, kibuyu kilichokatwa. Wadogo walikuwa mbele. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa akilamba kikombe kitupu.

Mwalimu mkuu akashukuru. Alute akasimama, akasema maneno machache mazuri. Mpishi akashika upawa.

Ndipo Ritha akatoka kwenye mstari wa darasa la sita. Alikuwa ameshika karatasi iliyoviringishwa na gunia kwapani. Alitembea mpaka kati ya mstari na masufuria, akasimama. Mvulana mmoja wa gazeti la ukutani, Antipasi, aliyekuwa fundi wa kejeli, akasema kwa sauti, "Bubu leo anataka kugawa uji." Watoto wakacheka.

"Msinywe," Ritha alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Akafungua karatasi, akasoma, na kila mstari sauti ikapanda kidogo. Alisema mtama ule ni mbegu zilizotiwa dawa. Alisema, "Niliuosha mimi, Ritha, kwa mikono yangu, siku mbili, na maji yalikuwa mekundu." Alisema kuku waliokunywa maji yale walikufa, na kwamba gazeti liliandika ni mdondo, nalo lilikosea, na aliyekosea ni yeye. Akakunjua gunia, akalielekeza kwa watu, picha ikaonekana.

Alute hakupaza sauti. Alicheka, akamgeukia mwalimu mkuu. "Mtoto huyu tumetoka kuzika jirani aliyempenda. Ana uchungu. Mpelekeni akapumzike." Kisha kwa Ritha, kwa upole ambao ndio uliotisha, "Nani mwingine aliona hayo, mwanangu? Gazeti lenu si lina sheria?"

Watoto wakamtazama Mwalimu Paskali. Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Lina sheria," Ritha alisema. "Nafasi ya pili iko wazi. Nimeiacha wazi." Wala hakunitazama. Angenitazama, labda ningemchukia, ningebaki kwenye kiti. Alitazama karatasi tu. Akasema, "Mwalimu, hata kama ni umbea, naomba wasinywe mpaka habari ikamilike." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtoto yule: akaketi chini, mbele ya masufuria, gunia magotini. Mpishi asingeweza kufika kwenye mstari bila kumruka.

Antipasi hakucheka tena. Alitoka kwenye mstari wake, akaja kuketi karibu naye. Kisha msichana mmoja. Kisha wengine wawili wa gazeti. Waliketi, vikombe vyao vimefunikwa chini.

Mpishi alinitazama mimi. Nami nikamtazama mtoto yule wa kike, maana bado alikuwa akilamba kikombe.

Nilisimama. Alute akanishika mkono, akasema taratibu, "Mama." Neno hilo tu. Ndugu zangu, nimezaa, nimezika, lakini kuutoa mkono wangu katika mkono ule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilikwenda nikamwambia Ritha anipe kalamu. Alisema, "Bibi, nitakuandikia."

"Nitaandika mwenyewe," nilisema. Nikapiga magoti, nikaitandika karatasi yake juu ya gunia, nikaandika jina langu kwenye nafasi ya pili, herufi kubwa kama za mtoto: KRISTINA. Wino ulinidondokea kidoleni. Kisha nikageuka nikawaambia watu kwamba nilikuwepo, niligeuza mtama ule juani, na kwamba nyumbani kwetu hatukuula, tulikatazwa.

Aliposikia kwamba hatukuula, mpishi akatupa upawa. Mwalimu Paskali, kama mtu aliyeamshwa, akakimbilia sufuria la kwanza, akalipindua. Uji ukaenda mavumbini. Watoto wadogo walilia kwa njaa, na hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Walifukia uji ule na udongo ili hata mbwa wasiulambe.

Bwana afya alikuja kutoka mjini na polisi. Walichukua mtama, wakaupima, wakaamuru ufukiwe wote. Alute alihukumiwa miaka miwili. Duka lilifungwa. Selina alirudi kwao Ulemo na watoto, akakaa mwaka mzima. Ng'ombe waliuzwa. Ukoo ukaketi, na ndugu wa marehemu mume wangu wakasema mama gani huyu amemtia mwanawe pingu. Kwa miezi mingi nilipopita kisimani, wanawake waliotoka ukoo wetu walihamisha ndoo zao. Asiyehamisha alikuwa mpishi wa shule. Yeye alinitwisha ndoo yangu kichwani, kila mara.

Ijumaa iliyofuata gazeti lilitoka. Juu kabisa, kwa mwandiko mzuri, iliandikwa kwamba wiki zilizopita gazeti liliandika mdondo bila kuuliza vya kutosha, na kwamba mzee Mughwai ndiye aliyewaambia waulize tena. Chini ya hapo wanagazeti wote walitia majina, Antipasi akiwa wa kwanza. Walimchagua Ritha awe mhariri wao. Alikubali kwa kutikisa kichwa, kisha akakumbuka, akasema kwa mdomo, "Nakubali." Mwaka uliofuata alikuwa kiranja mkuu, akafaulu, akaenda sekondari Singida mjini.

Nilikuwa nikimtembelea Alute gerezani, nikimpelekea ugali. Miezi ya kwanza alikataa kunitazama. Baadaye alikula. Alipotoka alikuja kwangu, akanisalimia, na mpaka leo ananilimia shamba. Lakini Ritha akija likizo, Alute huchukua jembe akatoka kwa mlango wa nyuma. Ritha humwamkia kutoka uani, "Shikamoo, baba mkubwa," naye haitikii. Msichana hungoja kidogo, kisha anaingia kunisaidia kazi. Kila likizo humwamkia. Sijui kama siku moja ataitikiwa.

FUNDISHO

Tamaa haiingii nyumbani kwa mwizi peke yake. Inaweza kuingia kwa mtu aliyembeba mtoto mgonjwa mgongoni, na ndiyo maana hatuitambui. Ukiona mwenzako anauza chakula ambacho hakiruhusu kifike mezani kwake, usiangalie pembeni kama nilivyofanya mimi. Mzee Mughwai alilipia kunyamaza kwangu, na hakuna ugali wa gerezani wala shamba lililolimwa litakalorudisha hilo.

Wazazi, msiwadharau watoto wenye haya. Mwenye haya hutazama sana, na anayetazama sana huona. Mpeni kazi, mpeni kigoda, mngojeni aulize. Siku atakaposema, msimwache na nafasi tupu chini ya jina lake. Kiongozi si yule asiyekosea. Ritha alikosea mbele ya kijiji kizima, akasema amekosea mbele ya kijiji kizima, na watu wakamfuata kwa sababu hiyo.

Na ninyi wenzangu, mama na bibi, mnaosema mambo ya ndani hayaanikwi: watoto wa wenzetu nao wana mama.